Tunatafuta Kitu cha Mama

Mume wangu anatunga kamusi. Nalisema hili mapema ili ukisikia yaliyotokea usidhani niliolewa na mwehu. Akili zake ni timamu, ila ana mtindo wake wa kazi. Kampuni ya vitabu ilimpa maneno ya Kiingereza ayatafutie maana kwa Kiswahili, na badala ya kukaa kitini akaandika kama wenzake, yeye haandiki neno mpaka alitende kwanza kwa mwili wake mwenyewe. Ananiambia neno ni sawa na kiatu, huwezi kulijua kwa kulitazama. Haya. Alipofika kwenye neno la kuchechemea, alichechemea juma zima, majirani wakaja kumpa pole, na mmoja akamwachia mkongojo ambao mpaka leo hajaja kuuchukua. Alipofika la kuzimia, alizimia buchani, kwenye foleni, siku ambayo nilikuwa nimeshavaa nguo nzuri. Alipofika la kunong'ona, nyumba nzima tulinong'onezana hadi mwenye nyumba akaja kuuliza tumefiwa na nani.

Mimi kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu. Sebule yetu nusu ni makapu ya nguo zangu na nusu ni rafu ya vitabu vyake, na katikati kuna njia ya kupita mtu mmoja, tena asiwe ametoka kula. Mlango wa chumba cha mama mkwe unafunguka hapo hapo sebuleni, ukitazamana na ile rafu. Tunaishi naye tangu nilipoolewa, au tuseme yeye na mwanawe waliishi pamoja na mimi nikaongezewa. Huyu bwana ni kitinda mimba. Hajawahi kuamka asubuhi asiulizwe na mama yake kama amelala vizuri, na ana mvi.

Mama mkwe wangu ana meno mazuri kuliko sisi wote. Usiku huyavua na kuyalaza kwenye kikombe cha maji chenye kifuniko. Akiyavua, mashavu yake huingia ndani, na kila S yake hugeuka SH. Yeye hataki kuonekana hivyo hata na paka. Kwa hiyo maneno yake yote hapa nitayaandika kama alivyozoea kuyasema akiwa na meno yake kamili. Ukitaka kucheka mtu, nicheke mimi.

Sasa, kuna fundi saa mmoja, mgane, mtu mpole mwenye vidole virefu. Mwaka jana mama mkwe alimpelekea saa yake ya mkononi aitengeneze, na aliporudi nayo ikaanza tabia ya kuharibika. Saa iliyovumilia maji ya sabuni na wajukuu miaka na miaka, ghafla kila wiki mbili inasimama! Fundi naye hakuchoka kuja kuichukua wala kuirudisha, na kila akija wanakaa uani wakiijadili hiyo saa mpaka chai inapoa. Mimi si mtoto. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, naye si mtoto. Mtoto alikuwa mmoja tu nyumbani mle, aliyekuwa akiniambia, "Mafundi wa siku hizi hawajui kazi, mke wangu. Saa moja inamshinda mwaka mzima."

Basi fundi akaja siku moja amevaa koti, akasema mbele yetu sote kwamba anahamishia kazi yake mji mwingine, kwa wanawe, na ataondoka Jumatatu. Akamgeukia mama mkwe. "Sitaki kwenda peke yangu," akasema. "Jumamosi asubuhi nitapita. Nipe jibu kwa mdomo wako mwenyewe, si kwa kutumiwa mtu. Usipotoka kunijibu nitaelewa, wala sitakusumbua tena."

Mama mkwe akainamisha macho, akasema amesikia. Hakutuambia atajibu nini. Wifi alimchokonoa, nikamchokonoa na mimi, akatuambia twende tukachokonoe masizi jikoni. Mume wangu hakuuliza chochote. Ila tangu siku hiyo akaanza kumwambia mama yake habari za huo mji mwingine: maji yake yana chumvi, mbu wake wana ukubwa wa nyuki, na barabara ya kwenda huko inaua mgongo. Yeye mwenyewe hajawahi kufika.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa napuliza mkaa wa pasi niliposikia ukelele kutoka chumbani. Nikakimbia, nikamkuta mama mkwe amesimama katikati ya chumba, amevaa gauni lake la bluu nililolipiga pasi mwenyewe, na mdomo ameuziba kwa mtandio.

"Meno yangu!" akasema. "Hayapo. Na kikombe chake hakipo."

"Uliyaweka wapi, Mama?"

"Nilipoyaweka siku zote, kwani nayatembeza?" Akakaa kitandani. "Mwanangu, mtu yule anakuja. Siwezi kumtokea na mdomo huu. Nisipotoka atadhani nimemkataa."

"Kwani hujamkataa?"

Akanitazama juu ya mtandio kwa jicho ambalo halikuhitaji meno. "Tafuta," akasema, akanisukuma nje, akafunga mlango kwa komeo.

Nikamgeukia mume wangu aliyekuwa mezani na karatasi zake, nikategemea ataruka. Hakuruka. Alisimama polepole, akakunja mikono ya shati, na uso ukawa na furaha fulani ambayo sikuipenda.

"Mke wangu," akasema, "unajua leo nimefika neno gani?"

"Sijui, na usiniambie."

"Search."

Nikasema hewala, kazi tunayo.

"Ndilo hili ambalo walinzi wa milangoni wamelifanya sachi," akaendelea, maana huyu ukimnyamazia ndiyo umempa ruhusa. "Kila mtu analitumia lakini asili yake hawaijui. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, na huko Kilatini maana yake ilikuwa kuzunguka. Kuzunguka tu! Lina damu moja na neno lao la duara. Mtu wa kale alipopoteza kitu hakuinua godoro wala hakuchungulia sufuria. Alizunguka."

"Akapata?"

"Hilo kamusi hazisemi."

Wakati huo wifi akaingia. Anakaa mtaa wa pili, lakini wasiwasi wa nyumba yetu humfikia kabla ya harufu ya chakula. Nikamweleza kwa ufupi. Akavua viatu, akaanza kupiga magoti.

"Dada, inuka," mume wangu akamwambia.

"Niinuke vipi? Mtafuta cha mvunguni sharti ainame."

"Hiyo ya kuinama ilikuja baadaye. Kwanza tunazunguka. Mkono wa kulia ukutani, macho wazi, hakuna kugusa kitu. Tukimaliza mizunguko ndiyo tutaingia kwenye maana ya pili."

"Kaka, meno ya Mama yamepotea, na mchumba yuko njiani."

"Ndiyo maana tufuate utaratibu."

Utauliza kwa nini tulikubali. Hujaolewa na mtunga kamusi, wewe. Kumkatalia ni kuongeza hotuba, na hotuba yake fupi kabisa inaweza kuivisha maharage. Tukapanga mstari: yeye mbele, wifi katikati, mimi nyuma na pasi mkononi kwa sababu nilisahau kuiweka. Mkono ukutani, tukaanza. Tukazunguka sebule, tukaingia jikoni, tukatokea uani, tukapita bafuni, tukarudi sebuleni kwa mlango wa mbele. Jirani aliyekuwa anaanika mashuka akatuona tunapita kimya mmoja nyuma ya mwenzake, akavua kofia. Nadhani alidhani ni ibada.

Mzunguko wa pili nikaanza kukasirika. Mzunguko wa tatu nikaanza kuiba: nikipita kwenye makapu yangu naingiza mkono chini ya nguo za watu. Nilipata kalamu, soksi moja ya kiume, na kitambaa cha kichwa ambacho mteja wangu alinililia mwezi mzima kwamba nimekipoteza. Meno sikuyapata. Kila tulipofika kwenye rafu ya vitabu mume wangu aliongeza mwendo, akasema, "Hapa nimeshatazama mimi." Na sisi tukaongeza mwendo.

"Mnafanya nini huko?" mama mkwe akauliza kupitia tundu la ufunguo.

"Tunatafuta, Mama!"

"Mbona nasikia miguu tu?"

Hapo ndipo tuliposikia hodi. Tukaganda. Fundi saa alikuwa mlangoni, amevaa lile koti, amechana nywele zake chache kwa uangalifu mpaka ungeweza kuzitaja moja moja. Wifi akamwamkia, mimi nikamwamkia, mume wangu akajikuta hana budi naye akamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwenyewe yupo?"

Kutoka nyuma ya mlango wa chumba ikaja sauti ndogo, iliyolenga masikio yangu peke yake. "Mkimwambia ni nini kimepotea, mimi na nyinyi basi!"

"Yupo, Mzee," nikasema. "Yupo kabisa. Ila hawezi kutoka kwa sasa. Kuna kitu chake kimepotea."

"Kitu gani?"

Nikamtazama wifi, wifi akaitazama dari.

"Kitu," nikasema.

"Kikubwa au kidogo?"

"Cha wastani," akasema wifi.

"Cha dhahabu?"

"Si cha dhahabu, ila kinauma," akasema wifi, kisha akajiziba mdomo.

Mume wangu akaingilia, mpole kupita kiasi. "Mzee, kwa kweli leo nyumba imevurugika. Labda ungepita siku nyingine."

"Siku nyingine nitakuwa mbali, baba." Fundi akautazama ule mlango uliofungwa. Nilimwona anajiuliza kama mlango ndio jibu lenyewe. Kisha akauliza, "Hicho kitu ndicho kinachomzuia kutoka?"

"Ndicho hicho hicho," nikasema haraka.

"Basi ni kitu changu pia." Akavua koti, akalikunja, akalikabidhi kwangu, na kutoka mfuko wa shati akatoa kile kioo cha kutazamia mashine za saa, akakibana jichoni. "Mnatafutaje?"

"Tunazunguka," akasema wifi kwa aibu.

"Kwa nini?"

"Ni Kilatini, Mzee."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, akaweka mkono wa kulia ukutani, akaingia kwenye mstari.

Naomba unielewe. Nimeona watu wakitafuta vitu maishani. Mimi mwenyewe nimetafuta vifungo vya watu kwenye mtaro wa maji machafu. Lakini sijawahi kuona mtu akitafuta kwa bidii namna ile kitu asichokijua. Akaona kijiko nyuma ya jiko, akakiinua. "Ndicho hiki?" Sicho, Mzee. Akaokota kandambili la mguu wa kushoto. "Ndicho hiki?" Sicho. Akaleta kifuniko cha chupa, mdoli asiye na kichwa, rimoti ya televisheni tuliyoiuza, na miwani ya mume wangu iliyokuwa imevunjika mwaka juzi na kila mtu akasingizia paka. Kila kimoja alikifuta vumbi kwa ncha ya shati lake safi kabla ya kuuliza, na kila alipoambiwa sicho alikipanga mezani vizuri, kisha akarudi ukutani. Tena kila alipopita chini ya saa yetu ya ukutani aliusogeza mshale wake kidogo, bila kusimama, kama mtu anayemweka mtoto kola sawa.

"Mzee," nikamwambia uani, nikiwa siwezi tena kuvumilia, "mbona unajitesa, na hujui hata unachotafuta?"

"Sikijui," akasema, akichungulia ndani ya ndoo. "Lakini ni chake."

Basi. Mimi ambaye usiku uliopita nilikuwa nimeshapima kwa hatua kile chumba cha mama mkwe, nione meza yangu ya kupigia pasi itakaa upande gani, nikajisikia mdogo. Nikamwomba Mungu yule bwana apate jibu zuri, hata kama atanichukulia mama mkwe kabla hajanifundisha namna ya kutoa doa la kutu.

Tukaendelea, na hapo ndipo ubaya wa duara ulipojitokeza. Mume wangu alikwenda haraka, fundi alikwenda polepole kwa sababu alikuwa akiinama kila kona bila kujali Kilatini, na duara halina mbele wala nyuma. Mwishowe kiongozi akawa anamfikia wa mwisho kwa nyuma. Jasho likamtoka mume wangu. Akasimama.

"Jamani," akasema, "mimi nimechoka. Tumejitahidi. Tukubali tu kwamba hakipatikani. Mzee aende zake, asije akachelewa."

Kuna msemo ambao hata mtoto wa chekechea anaujua: mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote na sikuwahi kuufikiria. Siku hiyo niliufikiria. Nikamtazama mume wangu kuanzia utosini hadi vidoleni. Mtu aliyechechemea juma zima, aliyezimia buchani na hata alipomwagiwa maji hakutaka kuzinduka kwa sababu hajaridhika, leo kachoka na neno lake mwenyewe kabla ya chakula cha mchana! Nikakumbuka furaha ile ya asubuhi. Nikakumbuka anavyoongeza mwendo mahali pamoja. Nikageuka kutazama rafu ya vitabu.

Fundi alikuwa ameshafika pale. Hakuna aliyemwambia kwamba pale pameshatazamwa, au aliambiwa asisikie. Alikuwa amechuchumaa kwenye rafu ya chini, amevuta kitabu kinene cha Kilatini, na nyuma yake ameingiza mkono. Akautoa na kikombe chenye kifuniko. Akakifungua. Kwa kile kioo cha jichoni, nadhani meno yale yalimtokea makubwa kuliko ya farasi.

Wifi alikuwa jikoni, hakuona. Niliona mimi. Na mume wangu, ambaye duara lilikuwa limemleta nyuma ya yule mzee kabisa, aliona.

Nikasubiri aulize, "Ndicho hiki?" kwa sauti yake ile ya uaminifu, nyumba nzima isikie. Pale ndipo angemaliza kila kitu, maana namjua mama mkwe wangu: angebaki mle chumbani mpaka Jumatatu ipite, na Jumatatu nyingine pia.

Fundi hakuuliza. Alitazama ndani ya kikombe, akautazama mlango wa chumba, na uso wake ukabadilika, akaelewa. Akarudisha kifuniko taratibu kisitoe mlio. Akakirudisha kikombe mahali pake, akakirudisha kitabu mbele yake, akakinyoosha mgongo kilingane na wenzake. Kisha akainuka akishika kiuno, akasema kwa sauti kubwa, "Hapa nimetazama. Hapa hakuna kitu." Akaweka mkono wa kulia ukutani aendelee kuzunguka.

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya yote mawili ndani ya lile koti lake.

Mume wangu akapita mbele, akamzibia njia. Wakatazamana. Yule mzee hakumuuliza kikombe kilifikaje nyuma ya kitabu cha Kilatini katika rafu ya mwenye Kilatini. Alimwambia tu, kwa upole, "Tuendelee, baba. Bado hatujarudia uani."

"Mzee," mume wangu akasema. "Umetazama vizuri?"

"Nimetazama."

"Na hukuona kitu?"

"Sikuona kitu cha kuonyesha watu."

Mume wangu akakaa juu ya kapu la mashuka ya watu, yaliyokwisha kupigwa pasi, na sikumgombeza. Mtu mzima na mvi zake akajifunika uso. Nilimwonea hasira, nilimwonea na huruma, na kati ya hizo mbili sikuweza kuchagua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, lakini hawakusema ufanyeje kikiwa kinalia.

Hapo komeo likalia. Nilisahau kukumbusha kwamba tundu la ufunguo la mlango ule linaitazama rafu. Mama mkwe akatoka na gauni lake la bluu, mtandio mdomoni, akapita kati yangu na makapu mpaka mbele ya fundi. Fundi akautoa upesi mkono ukutani na kukivua kioo jichoni. Mama mkwe akasimama kidogo. Kisha akaushusha mtandio, akauweka mabegani, akatuonyesha uso wake wote kama ulivyo, na mashavu yake yaliyoingia ndani.

"Ulikuwa unajua unachotafuta?" akamuuliza.

"Mwanzo sikujua."

"Na sasa?"

"Sasa najua," akasema fundi. "Lakini bado sijakiona."

Mama mkwe akacheka. Katika miaka yangu yote ya nyumba ile sikuwahi kumwona akicheka na mdomo wazi asiuzibe kwa mkono. Wifi akatokea jikoni na sufuria, akakuta mama yake amesimama bila meno mbele ya mwanamume, anacheka, akaiachia ile sufuria hewani, ikaanguka.

"Uliniambia nikujibu kwa mdomo wangu mwenyewe," mama mkwe akasema. "Ndio huu. Huo mwingine nilinunua. Na jibu langu ni ndiyo."

Fundi saa, mtu wa vidole vinavyoweza kukamata msumari mdogo kuliko chembe ya mchanga, hakujua aiweke wapi mikono yake. Akaishia kuushika mkono wa wifi na kumshukuru yeye.

Mume wangu akainuka kwenye kapu. Akaenda kwenye rafu, akavuta kile kitabu, akakichukua kikombe, akaja nacho mbele ya mama yake akikishika kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakimtiririka wazi wazi.

"Mama, haya hapa," akasema. "Ni mimi. Niliyachukua ulipokwenda kuoga. Nilisema moyoni ni kwa ajili ya kamusi, lakini si kwa ajili ya kamusi. Nilisema ukikosa kutoka... Mama, sijui nyumba hii inakaaje bila wewe. Nisamehe."

Mama mkwe akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio, shavu hili na shavu lile, bila haraka, kama ana siku nzima. Nikadhani sasa atakipokea kile kikombe, ageuke pembeni, ayavae, tumsikie tena na S zake. Hakukipokea. Alikisukuma kirudi kifuani kwa mwanawe.

"Yatie kwenye sanduku langu," akasema. "Liko nyuma ya mlango. Nimelifunga tangu juzi."